Bahari Iliyokataa Kurudi

Wiki ya tatu baada ya tetemeko bahari ilikuwa bado haijarudi mahali pake, na kwa sababu hiyo bibi yangu Ercira naye alikuwa hajarudi mahali pake. Tuliishi mlimani chini ya maturubai, familia zote za ghuba ya Lapas, tukizitazama nyumba zetu kule chini kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani aliyesafiri. Nyingi zilikuwa zimesimama. Ya kwetu ilikuwa imepoteza kioo kimoja cha dirisha na bomba la moshi la jiko. Ukiacha hayo, mtu angeweza kuingia, akawasha kuni, akapika.

Lakini hakuna aliyelala chini. Sheria ilikuwa wazi, na ilikuwa ya Bibi. Aliwafundisha wanawe, nao wakatufundisha sisi kabla hatujajua kufunga kamba za viatu: bahari ikirudi nyuma, panda mlima, na usishuke mpaka irudi. Usiku wa tetemeko, mwishoni mwa Februari, redio ilitangaza kwamba hakuna wimbi litakalokuja. Bibi aliisikiliza hadi mwisho, akaizima, akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akapita akigonga mlango kwa mlango. Watu walipanda na nguo za kulalia, wengine wakinung'unika. Wimbi likaja. Lilibeba mashua, mabanda ya kukaushia mwani na nyumba chache zilizokuwa karibu na maji, lakini halikubeba mtu hata mmoja. Tangu hapo hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumbishia Bi Ercira.

Tatizo ni kwamba baada ya mawimbi kutulia, maji hayakupanda tena mpaka pale tulipoyazoea. Hata siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote, yaliishia mbali. Miamba tuliyokuwa tukiijua kwa vichwa vyake tu, sasa tuliiona hadi miguuni, na sehemu ya chini ilikuwa imegeuka nyeupe kama iliyopakwa chokaa. Gati la mashua lilisimama juu ya mchanga mkavu kwenye nguzo zake nyembamba. Mwani wetu, ule mnene kama mkanda wa ngozi, ambao ndio riziki ya ghuba nzima, ulining'inia juani ukabadilika rangi, kisha ukaoza. Kome walifunguka wakafa. Harufu ilitufikia huko huko mlimani, ikaingia hadi kwenye mkate.

Kwa watu waliolelewa na sheria ile, maana ya mambo hayo ilikuwa moja. Bahari imejivuta, na inayojivuta itarudi. Bibi alisema wimbi lililopita lilikuwa mate tu. Tumbo lenyewe bado halijatapika. Na kila mara ardhi ilipotikisika tena kidogo, vikombe vikigongana, watu walimtazama yeye kwanza, kisha bahari.

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuoni mjini, nikisomea ualimu wa jiografia. Majengo yalipata nyufa, tukaambiwa twende makwetu hadi tutakapoitwa. Nilipofika na kuona ile miamba nilielewa kilichotokea, au nilidhani nimeelewa. Lakini mimi si msemaji. Hata nikienda dukani kununua mkate, maneno huyapanga kwanza kichwani njiani. Ningewezaje kusimama mbele ya mwanamke aliyeokoa ghuba nzima nikamwambia kwamba amekosea? Nikanyamaza, nikachota maji, nikachanja kuni.

Kisha Bibi akaanza kukohoa.

Mwezi Machi ulikuwa unaelekea mwisho, asubuhi zilikuwa na ukungu, na turubai letu lilitona jasho kwa ndani. Kikohozi kilianza kikavu, kikawa cha kifuani, kikawa cha kumkunja. Nesi wa zahanati alipanda kutoka kijiji cha jirani, akamwekea stetoskopu mgongoni, akasikiliza sana. Alisema kifua hiki kinahitaji chumba kikavu na jiko linalowaka mchana na usiku, na mvua za kwanza zikimkuta hapa mlimani, yeye hatoi ahadi yoyote. Bibi alimshukuru, akamfungia viazi kwenye kitambaa, akabaki palepale alipokuwa.

Mjomba Nolberto, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyeumia zaidi, na yeye akiumia huwa anafoka. Mchana alikuwa akishuka kurekebisha bomba la moshi na dirisha, jioni akipanda. Alikuwa na jambo lingine pia. Kila msimu familia zetu hupiga kura za miamba: mawe madogo yenye alama huwekwa ndani ya mfuko wa sufu, na kila nyumba huchota jiwe moja linaloonyesha mwamba wao wa kukata mwani. Miamba ya zamani sasa ilikuwa imekufa, na mingine ilikuwa imejitokeza mbele yake ambayo haikuwa na mwenyewe. Ilibidi kura zipigwe upya, na mfuko ulikuwa kwa Bibi, chini ya mto wake. Yeye alisema huwezi kugawana kitu ambacho mwenyewe yuko njiani kukichukua.

Siku moja Mjomba alinivuta kando, nyuma ya rundo la kuni. Redio imesema mvua inaingia Ijumaa, akaniambia. Yeye hatamwacha mama yake afie chini ya plastiki kwa ajili ya ukaidi. Ijumaa atakuja na pikapu hadi pale barabara inapoishia.

"Atashuka kwa miguu au kwa mgongo wangu," alisema. "Nitambeba kama gunia la viazi. Akinipiga, anipige."

Nilimwomba anipe muda nizungumze naye. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeombwa na paka amwazime shoka.

"Wewe, Yasna? Utamwambia nini?"

Sikujua nitamwambia nini. Lakini kulikuwa na watoto. Shule ilikuwa kule chini, imefungwa, na akina mama walikuwa wameniomba niwafundishe chochote mradi wasishinde wakirushiana mawe. Kwa hiyo kila asubuhi niliwakusanya chini ya turubai letu, wachache, wa rika mbalimbali, na Bibi alikuwa akikaa hapohapo ametupa mgongo akimenya viazi. Mbele ya watoto siogopi sana. Niliamua nitawafundisha wao, na yeye atasikia.

Nilichukua ukanda wa mwani uliokuwa umekauka nusu, bado unapindika. Nilihitaji kitu cha kupita chini yake, nikauomba ubao wa Bibi wa kukatia vitunguu. Aliutoa bila kugeuka, akaniambia nisiuvunje.

Niliwaeleza kwamba gamba la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika vipande vikubwa, mabamba, vinavyosogea polepole kama ukucha unavyokua. Sisi tumekaa ukingoni mwa bamba la Amerika Kusini. Mbele yetu, chini ya bahari, kuna bamba jingine linaloitwa Naska, nalo linakuja upande wetu na kuzama chini yetu. Nililoanisha ncha ya mwani, nikailaza juu ya ubao, nikaushika mwisho wa pili kwa nguvu mezani. Nikamwambia Ayelén, msichana wa miaka tisa asiyejua kukaa kimya, ausukume ubao taratibu kuelekea kwangu, upite chini ya mwani.

Ayelén akasukuma. Ncha yenye maji iliganda kwenye ubao, haikuteleza. Ikavutwa ndani pamoja na ubao, ikainamishwa chini, na katikati mwani ukajikunja ukatunga nundu.

Nikawaambia hivyo ndivyo inavyokuwa miaka yote tusipohisi kitu. Mabamba yameshikana, hayatelezi, lakini kule nyuma msukumo hauachi. Ukingo wetu wa pwani unavutwa chini kidogo kidogo, na bara kule nyuma inavimba kidogo kidogo, wala hakuna anayeona.

"Sukuma tena," nilisema.

Akasukuma tena, na ghafla ile ncha ikateleza. Mwani uliruka, ncha ikanyanyuka juu, nundu ikalala. Ubao ukampiga Ayelén tumboni, na watoto wakacheka.

Hilo ndilo tetemeko, nikawaambia. Kilichoshikana miaka mingi kimeachana mara moja. Na tazameni ncha iko wapi sasa: iko juu kuliko ilivyokuwa. Ncha ni sisi. Chini ya bahari pia ukingo uliruka hivyohivyo, ukayasukuma maji, ndiyo maana wimbi likaja.

Ayelén aliuliza ubao ukiisha kupita chini ya mwani unakwenda wapi. Lilikuwa swali zuri. Nilimwambia unazama, unaingia kwenye joto, na kwa kuwa umelowa maji ya bahari, yale maji yanatoka na kuufanya mwamba ulio juu yake uyeyuke. Huo uji wa moto unapanda, unatafuta mwanya. Ndiyo maana volkano zetu haziko hapa ufukweni, zimejipanga kule milimani, upande jua linakochomoza, pale juu ya sehemu bamba lilikofika kina cha kutosha.

"Kwa hiyo volkano ya Llaima inakunywa maji ya bahari yetu," alisema Ayelén.

Nikasema si mbali na ukweli.

"Ndiyo maana bahari imepungua."

Watoto wote walinigeukia, na kisu cha Bibi kikasimama katikati ya kiazi. Nilisema hapana, volkano haiwezi kunywa kiasi hicho. Bahari haikupungua. Bahari iko palepale. Sisi ndio tuliopanda, sisi na miamba na gati, karibu kimo cha Ayelén mwenyewe, kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha birika. Ule weupe kwenye miamba ni mimea midogo ya baharini iliyotolewa majini ikafa.

Bibi aligeuka. Alikuwa na ganda refu la kiazi mkononi.

"Na wewe ulikuwepo huko chini ukaona?"

Nilijibu kwamba hakuna aliyekuwepo huko chini, ila watu wamepima. Alisema mtu aliye ndani ya mashua akiitazama pwani anaweza kuapa kwamba pwani ndiyo inayoondoka. Macho peke yake hayatoshi. Yeye aliwahi kuwaona watu wenye macho mazuri kabisa wakitembea kwenda kufa.

Kisha akawasimulia watoto kile ambacho sisi wa nyumbani tulikijua kwa vipande vipande. Mwaka wa sitini alikuwa na miaka kumi. Ilikuwa Jumapili mchana, na ardhi ilikuwa imetikisika hadi ng'ombe wakalala chini. Baadaye bahari ikaondoka. Iliondoka kama mchuzi unaonyonywa bakulini, ikaacha samaki wanarukaruka na kome wamejaa kila mahali, wanono, wa kuokotwa bila mtu kulowa. Kaka yake Rosendo alichukua kikapu akakimbia. Alimwita naye aende, lakini mama yao alikuwa amemshika nywele. Bibi alimwona akiinama, akijaza, akiinua kikapu kumwonyesha. Kisha akaacha kusimulia, akawaambia watoto waende wakacheze, viazi vinaungua, ingawa viazi vilikuwa havijawekwa motoni.

Tulipobaki wawili nilimuuliza jambo moja kwa sauti ya chini. Siku ile ya mwaka wa sitini, kabla ya wimbi, bahari ilikuwa inajaa na kupwa?

Alifikiri. Alisema hapana, iliondoka mara moja tu, ikanyamaza.

Na sasa je?

Aliokota kiazi kingine akaanza kukimenya. Nilijua kwamba alikuwa anajua. Mwanamke aliyekata mwani miaka hamsini hawezi kukaa mlimani wiki tatu asione kwamba maji yanajaa na kupwa kama kawaida, ila kwa ngazi ya chini. Hatimaye alisema limemsumbua hilo. Lakini bahari ina hila, na aliyeumwa na mbwa hamchunguzi mkia.

Usiku huo alikohoa sana. Asubuhi ya Alhamisi aliniomba nimpeleke kwenye mwamba wa juu kabisa, pale mtandao wa simu unapokamata, kwa sababu alitaka kumsikia Zunilda. Zunilda ni rafiki yake wa ujana, ndiye aliyemsimamia Mjomba Nolberto ubatizo, na ameolewa kaskazini, Los Maquis, ndani kabisa ya ghuba kubwa. Tangu tetemeko walikuwa wameongea mara moja tu, neno la kila mmoja kumjulisha mwenzake kwamba yu hai. Tulipanda polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache na kusingizia kwamba anatazama mandhari.

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje kwa sababu Bibi hupenda kuishika simu mbele ya mdomo kama mkate. Walianza kwa kutukanana kama desturi yao. Zunilda alimuuliza kama bado anaishi na kondoo mlimani. Bibi akamwambia kondoo wana adabu kuliko watu wa Los Maquis. Wakaulizana habari za meno, za waume waliokufa, za nani nyumba yake imeanguka. Kisha Zunilda akaanza kulalamika.

Bustani yake ya kabichi imekwisha, alisema. Bahari imeingia.

Bibi alisema anajua, wimbi limeingia kila mahali.

"Si wimbi, mwenzangu. Wimbi lilikuja likaenda zake. Hii ni bahari yenyewe, imehamia. Kila maji yakijaa yanaingia shambani, yanafika kwenye banda la kuku, yanakaa, yanatoka. Kesho yake tena. Kuku wangu wanalala juu ya paa kama njiwa. Mume wa binti yangu amejenga ukuta, bahari imeupanda kama ngazi."

Bibi aliiondoa simu mdomoni akaitazama. Akairudisha.

"Kila siku?"

"Kila siku, kama mgeni asiyejua kuaga."

"Mwenzangu, sisi huku imeondoka. Gati liko mchangani."

"Basi ndiyo hiyo iko kwangu. Njoo uichukue. Lete ndoo."

Zunilda alicheka peke yake. Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe, uso umeelekea majini, na midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti. Aliaga bila tusi la mwisho, jambo ambalo bila shaka lilimshtua rafiki yake. Kisha akaninyooshea mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu aliyebeba kitu kipana.

"Beseni," alisema. "Ukiwa na maji kwenye beseni, huwezi kuyakuta yamepungua upande huu na kuongezeka upande ule. Maji hayajui kilima. Ukiyakuta hivyo, kilichoinama ni beseni."

Nilimwambia ndiyo. Nilimkumbusha ile nundu ya mwani. Sisi ni ncha iliyoruka juu. Los Maquis imejificha ndani ya ghuba, mbali zaidi na ukingo wa bamba. Wao wako pale nundu ilipolala chini. Tetemeko lilelile limetupandisha sisi na kuwashusha wao. Bahari ni moja, haikwenda popote. Niliongea mfululizo, nadhani sijawahi kuongea mfululizo namna hiyo, na yeye alinisikiliza huku akipumua kwa shida.

Mlima wetu, kama milima mingi ya pwani hii, unaitwa Trentren, kwa jina la nyoka wa nchi kavu ambaye wazee wanasema aliinua vilima ili watu wasizamishwe na nyoka wa baharini. Bibi aliupigapiga mwamba aliokalia.

"Kumbe huyu kajinyoosha mgongo tu. Ungesema hivyo tangu jana tusingeharibu mwani."

Nilicheka. Nilidhani yamekwisha. Nikamuuliza kama tukafunge vitu.

Alitikisa kichwa. "Nimeelewa, mjukuu wangu. Lakini kuelewa si kushuka."

Tulirudi kambini na hakusema tena neno juu ya hilo siku nzima.

Ijumaa mawingu yaliingia kutoka baharini mapema, mazito, yakakaa juu ya ghuba. Matone ya kwanza yaligonga turubai wakati tunakunywa chai yetu chungu ya majani ya mate. Familia nyingine zilikuwa zimesikia habari ya kabichi za Zunilda, maana Ayelén alikuwa nyuma ya mwamba akisikiliza, na sasa watu walisimama vikundi vikundi wakitazama turubai letu. Walikuwa wamefunga magodoro. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushuka mbele ya Bi Ercira.

Mjomba Nolberto alikuja na kamba begani na koti la mvua la kumfunika mama yake. Alisimama mlangoni, mkubwa, maji yakimtiririka puani, akasema kwa heshima kwamba gari liko tayari. Bibi alisema gari ni zuri, alipeleke linakotaka. Mjomba akavuta pumzi, akapiga magoti ili amwinue.

Sijui nilisimamaje katikati yao. Nakumbuka tu kwamba sikupanga maneno.

"Usimguse, mjomba."

"Yasna, toka."

"Ukimbeba leo, siku nyingine akigonga kifuniko cha sufuria watu watasema huyu ni yule mzee aliyebebwa kama gunia. Hawatapanda. Na siku hiyo kweli itakuwa bahari."

Mvua ilipiga. Mjomba alinitazama, kisha akawatazama watu waliosimama nje, ambao walikuwa wamesikia kila kitu. Aliiacha kamba ikaanguka. Akakaa chini kwenye majani yenye unyevu, mtu mzima yule, akajifuta uso kwa kiganja, na mvua haikuwa na lawama yote ya kile alichokifuta. Akamwambia mama yake kwamba yeye hana hila, hana masomo, anachotaka ni asimzike mwezi huu.

Bibi alimwekea mkono kichwani. Alikohoa kwanza, muda mrefu, sote tukingoja. Kisha aliniuliza mimi, si yeye, maji yatajaa saa ngapi.

Nikamwambia yameanza kupanda, yatajaa alasiri.

Alisema basi atashuka, kwa miguu yake, na atashuka sasa hivi wakati maji yanapanda. Bahari inayoondoka hawezi kuifuata, hata aambiwe nini na nani, miguu yake haitakubali. Inayokuja anaweza kwenda kukutana nayo. Na juu ya mlima abaki mtu mmoja wa kutazama, leo na kesho na siku zote ardhi itakapokuwa bado inatikisika, na mtu huyo awe na kifuniko na mwiko.

Mjomba alisema atabaki yeye mwenyewe usiku wa kwanza. Akamvika koti.

Tulishuka. Bibi alitangulia akishika mkono wangu, na ghuba nzima ikatufuata nyuma na magodoro yake, bila kelele, kama msafara wa mtakatifu siku ya sikukuu yake. Njia ilikuwa imeloa utelezi. Alisimama mara nyingi, na kila aliposimama alitazama ukingo wa maji, akahakikisha kwamba uko karibu zaidi kuliko aliposimama mara ya mwisho. Ulikuwa karibu zaidi. Povu lilikuwa limefika kwenye miguu ya miamba myeupe, likapanda kidogo, likarudi, likapanda zaidi.

Tulipofika mbele ya nyumba hakuingia. Watu walipita wakaenda makwao, nikasikia milango iliyovimba kwa unyevu ikisukumwa kwa mabega. Yeye alisimama mvuani akiitazama bahari, nami nikasimama naye nikimfunika kwa mwavuli uliovunjika upande mmoja. Nilitaka kumkumbusha kifua chake, lakini sikumkumbusha. Maji yalipanda mpaka yakafika yanapofika siku hizi, mbali na gati, chini ya ile miamba ambayo zamani ilikuwa yake. Yakakaa hapo. Halafu, polepole kama ilivyo kawaida, yakaanza kupwa.

Mkono wake uliubana wangu hadi ukaniuma. Nilijua anamwona nani.

Nilihesabu mawimbi ili nisiseme kitu. Kila moja lilifika nyuma kidogo ya lililotangulia, kama mawimbi ya kila siku ya maisha yetu. Hakuna lililonyonywa. Hakuna samaki aliyebaki akirukaruka.

"Inapumua," alisema mwishowe.

"Inapumua, Bibi."

Akaachia mkono wangu, akageuka, akasukuma mlango kwa kiwiko. Nilikoka moto, bomba jipya la Mjomba lilivuta vizuri. Nilimvua koti, nikamvua sweta lililolowa, nikamfunga blanketi, nikamkalisha karibu na jiko na bakuli la unga wa ngano iliyokaangwa uliochanganywa na maji ya moto. Alikunywa wote. Alitoa mfuko wa kura kifuani akaniwekea mapajani, akasema nimpelekee Nolberto akishuka, miamba mipya haitajigawa yenyewe.

Alipolala nilitaka kumvua viatu. Akavuta miguu bila kufungua macho. Nikamwacha navyo.